Ubeti wa Asiyejua

Mtu aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania huijua ngonjera kabla hajajua kwamba ina mtu aliyeianzisha. Huijua kama sehemu ya ratiba. Nyimbo zikiisha, na kabla risala haijasomwa kwa mgeni rasmi, wanafunzi wawili husimama wakitazamana, mikono nyuma. Mmoja anajua, mwingine hajui. Asiyejua hubisha kwa beti mbili tatu, anayejua humjibu, kisha asiyejua hukubali na kushukuru. Ubeti wa mwisho wote wawili huusema pamoja huku wamewageukia wageni. Makofi yanapigwa, na mambo yanaendelea.

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, filamu na albamu. Ngonjera tumeiachia walimu wa zamu. Nadhani tumekosea kuidharau, kwa sababu kwa wengi wetu ndiyo kazi ya fasihi ya kwanza tuliyoishika kichwani yote, mwanzo hadi mwisho, na tukaisema mbele za watu. Kitu cha namna hiyo hakipiti bure. Mimi nimekulia Dodoma, nafanya kazi Dodoma, na kadiri miaka inavyokwenda naona kwamba mtindo wa ngonjera umetoka zamani kwenye uwanja wa shule na kuhamia ofisini, kwenye semina, na kwenye ushauri tunaopewa vijana kuhusu maisha. Kwa hiyo nataka kuutazama kama unavyotazamwa mtindo wowote wa fasihi: unamruhusu nani aseme, na unamnyamazisha nani?

Tuanze na mtu mwenyewe. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ugogo, upande wa Chamwino, eneo ambalo leo tukilitaja watu wanafikiria Ikulu. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wengine wa huku, na baadaye alipata kuwa mwalimu, karani na hakimu. Mwaka 1954 alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu ambacho hadi leo mtu akitaka kuandika lolote la maana kuhusu nyanda hizi ni lazima akipitie. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1995. Alitunga diwani, tenzi na hadithi. Ukitaka kupima ukubwa wa jambo hilo, kumbuka kwamba ushairi wa vina na mizani wakati ule ulihesabiwa kuwa mali ya watu wa pwani. Mnyampala aliuchukua kutoka bara, kilomita zaidi ya mia nne kutoka baharini, kwenye nchi ya mibuyu na vumbi jekundu, na akaumudu kiasi cha kuheshimiwa na wenye nao. Akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi.

Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alikutana na washairi na kuwaomba watumie kalamu zao kulieneza kwa wananchi. Jibu la Mnyampala lilikuwa ngonjera: mashairi ya kujibizana yanayoweza kusemwa jukwaani na watoto wa shule, yakaeleweka na mtu asiyejua kusoma. Kwa nchi ya wakati ule lilikuwa jambo la busara. Magazeti hayakufika vijijini, redio zilikuwa za kuhesabu, lakini shule ilikuwa na watoto, na kila mtoto alikuwa na wazazi wa kuja kumwona. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtungaji hakuviona. Alikuwa amefariki Juni 1969, kabla pia ya Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, ambayo ilihamisha watu wa kwao na kuwaweka kwenye vijiji vya ujamaa.

Sasa tuutazame mtindo wenyewe. Kabla ya ngonjera, ushairi wa Kiswahili ulikuwa tayari na utamaduni mrefu wa watu kujibizana. Mshairi alitoa fumbo au hoja gazetini, mwingine akajibu wiki zijazo, wa tatu akaingilia. Mnyampala aliyajua hayo vizuri. Mwaka 1965 alichapisha Mashairi ya Hekima na Malumbano ya Ushairi. Katika malumbano wanaojibizana wote ni mafundi. Hakuna anayejua mapema nani atashinda, na hata anayeshindwa anabaki na heshima yake, kwa kuwa ubeti wake nao ulikuwa na mizani kamili, vina vilivyotulia na hoja ya kujibiwa. Msomaji ndiye hakimu.

Ngonjera ilichukua umbo la malumbano na kuondoa kitu kimoja: mashaka juu ya mwisho. Mshindi anajulikana kabla pazia halijafunguliwa. Asiyejua amewekwa pale ili ashindwe. Hoja zake zimetungwa na mtu yule yule anayetunga majibu, na huyo mtungaji ana haraka ya kufika kwenye makubaliano kwa sababu mgeni rasmi amekaa. Hilo ndilo badiliko kubwa, na naamini lina uzito kuliko suala la zamani la kama ngonjera ni ushairi au ni tamthilia.

Nilipokuwa darasa la tano nilipewa sehemu ya asiyejua. Ngonjera ilihusu kuchimba vyoo, na mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyeitunga. Mpaka leo nazikumbuka mistari miwili ya kwanza:

Choo mnachokitaka, nani atakichimbua?
Jembe langu lavunjika, udongo jiwe najua.

Watu walicheka sana hapo, na halikuwa cheko la dharau. Akina mama waliokaa chini kwenye kanga zao walicheka kama mtu anavyocheka anaposikia jambo lake limetajwa. Aliyewahi kuchimba shimo Dodoma mwezi wa tisa anajua. Juu kuna kichanga, chini unakutana na tabaka gumu ambalo jembe linaligonga na kurudi. Mwenzangu aliyekuwa anajua akajibu kwa ubeti mzuri kuhusu kipindupindu, nzi na maji ya kisima. Ulikuwa ubeti wa kweli, hakuna wa kuupinga. Ila haukusema lolote kuhusu udongo. Ubeti uliofuata mimi nikakubali, na jembe langu likawa limepona lenyewe.

Nimeutafakari ubeti ule mara nyingi nikiwa mtu mzima, na nimefika kwenye hitimisho hili: katika ngonjera nyingi, ukweli wa mahali umo kwenye beti za asiyejua. Mtungaji anapotaka kumfanya mjinga asikike kama mtu halisi, hulazimika kumpa mambo halisi. Humpa jembe lililovunjika, ng'ombe wanaohitaji mchungaji, mume asiyetaka kusikia, ada iliyokosekana. Anayejua hupewa mambo ya jumla: afya, maendeleo, taifa, kesho iliyo njema. Kwa hiyo kisanii asiyejua ndiye mhusika bora. Ana sauti, ana nyumba, ana kitu cha kupoteza. Anayejua ni tangazo. Na umbo la ngonjera linamtaka mhusika bora aishiwe maneno kufikia ubeti wa nne.

Utetezi wa ngonjera upo, na ni wa haki. Atakayesema kwamba kipindupindu hakingoji uhakiki wangu atakuwa amesema kweli. Vyoo vilichimbwa. Watu wazima walijifunza kusoma. Kizazi cha wazazi wangu kilipata Kiswahili fasaha, pamoja na ujasiri wa kusimama mbele za watu, kwa kupitia beti hizo hizo. Na mtoto wa Kigogo, ambaye nyumbani salamu yake ni mbukwenyi, alipewa kupitia ngonjera lugha ya taifa zima akiwa amesimama wima. Sidai kwamba Mnyampala alitudhuru. Ninachodai ni kwamba tulichukua chombo kilichotungwa kwa kazi fulani, katika miaka fulani, tukakigeuza kuwa namna yetu ya kufikiri.

Njoo Dodoma uone. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali inahamia huku kweli kweli, baada ya uamuzi uliokuwepo tangu 1973, mji huu umekuwa mji wa mikutano. Kila juma kuna ukumbi umefungwa vitambaa viti vyake, kuna projekta, kuna chupa za maji mezani, kuna fomu ya mahudhurio. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa za mafunzo ya aina hiyo, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nilijifunza haraka kwamba taarifa nayo ina mizani yake. Sehemu ya kwanza ni hali kabla ya mafunzo: washiriki hawakuwa na uelewa. Sehemu ya pili ni mada. Sehemu ya tatu ni hali baada ya mafunzo: washiriki wameelimika na wameahidi kuwa mabalozi. Ukihesabu utakuta ni ngonjera ile ile, imevuliwa vina.

Safari moja tulikwenda kijiji kimoja wilayani Chamwino. Mada ilikuwa mazao yanayohimili ukame, na hoja yake ilikuwa nzuri. Mvua ya nyanda hizi ni ya msimu mmoja, huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, na katikati yake inaweza kukata kwa wiki nzima wakati mahindi yanatoa mbelewele. Mahindi hayasamehe. Mtama na uwele husubiri. Hata wazee wa huku ndivyo walivyolima kabla mahindi hayajawa chakula cha kujivunia. Mwezeshaji alieleza yote hayo kwa ufasaha, na watu waliitikia.

Ulipofika muda wa maswali, mama mmoja wa makamo alisimama. Alitusalimia, tukaitikia, kisha akamwambia mwezeshaji: "Mwanangu, haya ya mtama tunayajua, sisi tumekulia uwele na mlenda. Sasa niambie, ndege ataamiwa na nani? Zamani tuliweka watoto shambani. Mwaka jana mlikuja mkasema mtoto asikose shule hata siku moja, na sisi tumekubali. Mimi na baba yao tuna ekari tatu. Nani anakaa shambani?"

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulima, nieleze. Kwelea kwelea ni ndege mdogo, lakini huja kwa makundi makubwa ajabu, na anachopenda ni punje ndogo kama za mtama na uwele zikiwa bado zina maziwa. Punje za mahindi zimefungwa ndani ya maganda, hazifikii kirahisi. Mtama uko wazi. Kwa hiyo kuanzia punje zinapojaa hadi zinapokauka, mtu lazima awe shambani kabla jua halijachomoza hadi linapozama, akipiga kelele, akirusha udongo, akivuta kamba zenye makopo. Ni wiki kadhaa. Na wiki hizo huangukia katikati ya muhula wa shule.

Swali la yule mama lilikuwa limeweka ngonjera mbili uso kwa uso. Katika ya kwanza anayejua anasema panda mtama. Katika ya pili anayejua anasema mpeleke mtoto shule. Kila moja peke yake ina haki, na katika kila moja mama huyu alikuwa tayari ameshakubali. Shida ni kwamba yeye ana nyumba moja, mikono minne ya watu wazima na siku yenye saa zile zile. Mwezeshaji alimjibu kwa kurudia faida za mtama. Mimi niliandika swali lake neno kwa neno. Taarifa iliporudi kutoka kwa waliotutuma, ambao sina haja ya kuwataja, aya ile ilikuwa imeondolewa. Chini ya kichwa cha changamoto kulikuwa na mstari mmoja: mwamko mdogo wa wananchi.

Hapo ndipo nilipoona ngonjera inavyofanya kazi mikononi mwa watu wasiojua kwamba wanaitunga. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Fomu ilikuwa na nafasi ya aliyeelimika na nafasi ya asiyeelimika, haikuwa na nafasi ya mtu anayejua zaidi ya mwalimu wake. Mama wa ndege na makopo alipaswa kuingia mahali, akaingizwa kwa wasiojua.

Na tusidhani mambo haya ni ya wakulima peke yao. Sisi tuliosoma tuna ngonjera yetu, na tunaisikia karibu kila siku: kijana, jiajiri. Asiyejua ni mhitimu anayezunguka na bahasha ya vyeti. Anayejua ni mgeni kwenye jukwaa la vijana, au sauti kwenye simu, aliyeanza na mtaji mdogo na leo ana matawi. Mhitimu anabisha kidogo: mtaji sina, dhamana sina, mkopo wa halmashauri unataka kikundi na kikundi kimeshavunjika. Anayejua anamjibu kwa habari za nidhamu, kuamka mapema na kuacha kulalamika. Kisha mhitimu anapaswa kukubali na kushukuru. Asiyekubali anaonekana ana mtazamo hasi.

Marafiki zangu kadhaa waliomaliza vyuo hapa mjini wamejiajiri kweli. Mmoja anauza nguo za mtumba Sabasaba, mwingine ana bodaboda ya mkataba, analeta hesabu kwa tajiri kila jioni. Nikikaa nao wanaongea kwa ubeti wa asiyejua, yaani wanataja vitu: bei ya mafuta, ushuru, mvua iliyolowesha marobota, mteja aliyekopa akabadilisha namba. Wakiitwa kwenye kongamano kutoa ushuhuda, hubadilika. Huongea kwa ubeti wa anayejua, na maisha yao yote huyeyuka ndani ya maneno kama fursa na uthubutu. Tumefundishwa kwamba sauti ya kupandia jukwaani ni hiyo moja.

Ndiyo maana jambo moja kuhusu Mnyampala limenikaa moyoni kuliko yote. Mbali na diwani na ngonjera, aliandika pia habari za maisha yake mwenyewe. Maandiko hayo yalikaa mswada kwa miaka mingi baada ya kifo chake kabla ya kuchapishwa, na aliyapa jina Maisha ni Kugharimia. Lisome jina hilo polepole. Mtu aliyeipa shule zetu mtindo ambao ndani yake hakuna anayelipa chochote, ambamo mtu anabadilika kati ya ubeti mmoja na mwingine bila kutoka jasho, alipogeukia maisha yake mwenyewe alichagua neno la gharama. Alijua. Mtoto wa mfugaji anayekuwa karani hajashawishika tu kwamba elimu ni nzuri. Kuna ng'ombe ambao mtu mwingine amelazimika kuwachunga. Hakimu wa Kigogo anayetunga kwa mizani ya pwani amelipa kitu pia, hata kama amefurahia alichokinunua.

Ndyanao Balisidya naye alilijua hilo. Riwaya yake Shida, iliyotoka mwaka 1975, wakati ngonjera zikivuma kila shule, inawafuata vijana wanaoacha kijiji na kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mada hiyo ingetosha kabisa ngonjera ya beti nane: mmoja anataka kwenda mjini, mwenzake anamwonya, anabaki kijijini kulima. Riwaya inamwacha aende. Inatembea naye, inampa muda wa kutamani na muda wa kuumia, na msomaji hawezi kumhukumu kabla hajaishi naye. Tofauti kati ya kazi hizo mbili haiko kwenye ujumbe, maana yawezekana ujumbe ukafanana. Iko kwenye muda anaopewa yule anayehesabiwa kuwa hajui.

Muda ndio tunaoweza kuutoa sisi tunaoandika insha za maisha halisi. Hatuna mgeni rasmi. Hakuna anayetuhimiza tufike kwenye ubeti wa makubaliano kabla jua halijawa kali. Lakini nikisoma nyingi za insha zetu, za kukua, za kazi ya kwanza, za kuhamia mji mpya, nasikia miguu ya wanafunzi wawili ikijipanga. Mwandishi wa zamani hakujua, mwandishi wa sasa anajua. Mateso yametajwa kwa haraka, somo limetolewa, sote tunainamisha vichwa. Tunajitungia ngonjera ya mtu mmoja, na ndani yake tunamshinda yule mtoto tuliyekuwa, ambaye mara nyingi alikuwa ameuliza swali zuri.

Ningependa tujaribu kurudi kwenye malumbano. Ukiandika kuhusu mama yako aliyekataa usome sanaa, mpe vina vyake vyote, na hesabu ya mahari, ada na karo aliyokuwa akiipiga kichwani. Ukiandika kuhusu wewe mwenyewe wa miaka kumi na tisa, usimharakishe akubali. Na Mnyampala asomwe tena, hasa hapa kwao ambako barabara zinapanuka na viwanja vinapimwa kila mwezi, asomwe yote, ngonjera pamoja na historia ya Wagogo pamoja na maisha aliyoyagharimia. Walimu wa Kiswahili wanaotunga ngonjera za mahafali ya mwaka huu wanaweza kuanza na jambo dogo tu: asiyejua akisema udongo ni jiwe, anayejua aeleze atachimbaje.